SOMO LA JAMAA: SIKU TULIYOMWACHA MTOTO MLANGONI

Masomo ya kusoma kwanza: Luka 2:41-52, Zaburi 68:5, Yakobo 1:27.



Somo hili tulilipata katika safari, na tunaliandika kwa haya. Sisi mashemasi ndio tunaosimama mbele yenu siku ya Mungu na kuwahimiza kuwatunza wajane na yatima. Lakini katika neno hili sisi wenyewe ndio tuliokosa, na kwa sababu hiyo tumeona afadhali tuwaambie yote, ili jamaa nyingine isianguke pale pale tulipoanguka.

1. JINSI SAFARI ILIVYOANZA

Nyumbani mwetu Lubumbashi tuna watoto wane. Watatu tumewazaa. Wa ine ni mtoto wa ndugu yetu mdogo aliyetutoka, naye mama yake alitangulia kufa. Ana miaka 11. Mama yake alikuwa mwenyeji wa upande wa Sakania, akamfundisha Kibemba tangu utoto. Kwetu hakuna anayekisema vizuri isipokuwa yeye.

Mwezi wa kumi wa mwaka 2024 tulipata nafasi ya kwenda Zambia, katika mji wa Livingstone, kumtembelea shemeji yetu, dada ya mama wa nyumba yetu, anayefanya kazi ya kushona. Tuliwaahidi watoto kwamba wataona maporomoko makubwa ya mto Zambezi, yale wenyeji wanayoyaita Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi unaonguruma. Watoto walikuwa wamesoma shuleni kwamba upana wake ni kama metre 1,700 na kimo chake zaidi ya metre 100. Wiki nzima walikuwa wakiimba juu ya maji hayo.

Mpakani Kasumbalesa tulikawia nusu ya siku. Makaratasi ya watoto wetu watatu yalikuwa sawa. Ya mtoto wa ndugu yetu yalikuwa na jina lingine la jamaa, nasi hatukuwa na barua ya kuonyesha kwamba tunamlea. Kosa lilikuwa letu, kwani hatukuitafuta barua hiyo kabla ya kutoka. Lakini moyoni tulianza kusema: ni kwa sababu ya huyu tunachelewa. Angalieni, ndugu, mbegu mbaya hupandwa hivi, kidogo kidogo.

2. SIKU YENYEWE

Tulichagua kwenda kuona maji siku ya ine, tarehe 24. Usiku uliotangulia umeme ulikuwa umekatwa, na asubuhi simu yetu ilikuwa imezimika kabisa. Tukatoka na kikapu cha mikate, mayai na chupa ya chai.

Tulipofika mjini tukakuta banki zote zimefungwa. Tukasimama tukishangaa, kumbe ni sikukuu ya uhuru wa Zambia, iliyopata uhuru tarehe 24 mwezi wa kumi mwaka 1964. Tukabadilisha dolari zetu barabarani kwa kijana mmoja aliyekuwa na haraka. Tulipohesabu kwacha zile mbele kidogo, noti za juu na za chini zilikuwa kubwa, lakini za katikati zilikuwa ndogo. Kijana hakuonekana tena.

Tukavuka barabara. Sisi wa Kongo tumezoea motokari kwenda upande wa kuume, basi tunapovuka tunatazama kwanza kushoto. Zambia wanakwenda upande wa kushoto, kama Waingereza walivyowaachia. Mtoto wa ndugu yetu alitazama kushoto, akaona njia ni nyeupe, akaingia. Gari likatokea kuume likipiga honi. Mama akamvuta kwa shati, na kikapu kikaanguka. Mayai yakavunjika, na chupa ya chai ikavunjika.

Hapo ndipo tulipofungua kinywa chetu. Tulisema kwa sauti, mbele ya watoto wote: “Tangu huyu aingie nyumbani mwetu, hakuna neno linalonyooka. Mpakani ni yeye, na leo tena ni yeye. Labda ana kitu.”

Ninyi wasomaji mnajua vizuri maana ya maneno “ana kitu” kwetu. Mtoto pia aliijua. Hakulia. Aliokota mikate, akaipangusa mavumbi mkate kwa mkate, akairudisha katika kikapu.

Kutoka mjini mpaka maporomoko ni kama kilometa 10. Tulikwenda kwa taksi. Mlangoni tuliambiwa kwamba bei ya wageni ni ya juu kuliko ya wenyeji. Tukahesabu tulichobaki nacho. Feza zilitosha watu watano, nasi tulikuwa sita.

Tungeweza kurudi sote. Tungeweza sisi baba kubaki nje, kwani ndio tuliodanganywa kwa feza. Lakini tulimtazama yule mtoto, tukamwambia: “Wewe baki hapa, uchunge mizigo.” Akajibu: “Ndiyo, baba mkubwa.”

Tukaingia. Tukafuata njia, tukavuka daraja ndogo ya miguu, tukafika mahali pa kutazamia. Hapakuwa na moshi, wala ngurumo. Mbele yetu ulisimama ukuta wa mwamba mkavu, mweusi, mrefu sana, na chini kabisa maji kidogo. Mbali, upande wa Zimbabwe, tuliona weupe wa maji yanayoanguka. Mtoto wetu wa tatu akauliza: “Baba, moshi uko wapi?” Tulikosa la kumjibu. Tulipogeuka, nyani mkubwa alikuwa amekwisha kushika mfuko wa mikate, akapanda nao juu ya mti, akala mbele yetu bila haraka.

Tulitoka saa tisa ya mchana, katika joto kali, kila mtu na kisirani chake. Mizigo ilikuwako, imepangwa vizuri karibu na mama mmoja muuza vinyago. Mtoto hakuwako.

3. KUMTAFUTA

Mwanzoni tulikasirika. Tulisema amekwenda kucheza. Yule mama muuza vinyago akatuonyesha kwa mkono njia ya kwenda mjini. Tulimtafuta sokoni pa vinyago, tukamtafuta mahali pa taksi, mpaka njia ya daraja kubwa la reli lililojengwa mwaka 1905, lile la kupita Zimbabwe. Kila mtu alitikisa kichwa.

Mlinzi mmoja aliyejua Kiswahili kidogo akatuambia neno lililotukata miguu. Alisema kwamba kando ya njia ile ni pori la wanyama, na katika majira ya ukame tembo huvuka barabara wakienda kunywa mtoni, zaidi sana jua linapoanza kushuka. Mtu mwenye akili hatembei kwa miguu pale saa hizo. Mama akaketi chini, akalia.

Tukaenda kwa polisi. Askari akafungua kitabu, akauliza: “Mtoto amevaa nguo gani?”

Ndugu wapendwa, hatukujua. Nguo za watoto wetu watatu tungeweza kuzitaja moja moja, pamoja na viatu. Za huyu hatukuzijua, na tulikuwa naye tangu asubuhi. Binti yetu ndiye aliyejibu: “Shati ya bluu, imepasuka begani, pale mama alipomvuta.” Askari akauliza kama tuna picha. Kumbe hata kama simu ingekuwa na umeme, hatukuwahi kumpiga picha yeye peke yake.

Namba ya simu ya shemeji ilikuwa ndani ya simu iliyozimika, hakuna aliyeijua kichwani. Basi giza lilipoingia tukarudi kwa shemeji kumpa habari hiyo ya kutisha.

Tulifika saa mbili ya usiku. Umeme haukuwako. Uani mshumaa ulikuwa ukiwaka, na karibu yake ameketi yule mtoto. Mbele yake sahani ya bukari, haijaguswa. Shemeji akasema: “Nimemlazimisha kula, amekataa. Amesema anawangoja, mle pamoja.”

Mzee mmoja wa taksi ndiye aliyemwona akitembea peke yake kandokando ya pori. Mzee huyo alikuwa mtu wa Kitwe, msemaji wa Kibemba. Mtoto alimweleza kwa Kibemba kwamba mama yake mdogo anashona nguo, na karibu na nyumba kuna soko na mti mkubwa wa mwembe. Mzee alizunguka naye, akiuliza nyumba kwa nyumba, mpaka wakaipata. Kisha alikaa akingoja wazazi.

Tulitaka kumpa feza kidogo tulizokuwa nazo. Akakataa. Akatuuliza neno moja kwa Kibemba, na kwa kuwa hatukuelewa, ilimlazimu mtoto mwenyewe atufasirie. Akainamisha macho, akasema pole pole: “Mzee anauliza, nani alimwambia mtoto huyu kwamba yeye ni mkosi?”

Mzee alipokwisha kwenda, tulimwuliza mtoto kwa nini aliondoka. Akajibu: “Nilifikiri nikiondoka, siku yenu itakuwa nzuri.”

4. TUJIFUNZE NINI KWA WAZAZI WA YESU

Katika Luka mlango wa pili tunasoma juu ya jamaa nyingine iliyosafiri, ikapotelewa na mtoto wa miaka 12. Tuliisoma mara nyingi, lakini usiku ule tuliisoma kwa macho mengine. Tuliona maneno mane.

La kwanza, Yosefu na Maria walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara. Basi hata wazazi wema wanaweza kudhani, bila kuhakikisha. Kudhani ni hatari kubwa ya safari.

La pili, walirudi wote wawili. Yosefu hakusema kwamba mtoto huyo si wake. Alimtafuta pamoja na Maria kwa uchungu ule ule.

La tatu, walipomwona, Maria alimwuliza kwanza sababu ya tendo lake. Aliuliza, kisha akasikiliza jibu, hata kama hawakulielewa. Sisi tulihukumu asubuhi, tukauliza usiku. Tuligeuza mambo.

La ine, walirudi naye nyumbani, naye akaendelea kukua chini ya ulinzi wao. Mtoto aliyepatikana anarudishwa mahali pake, na mahali pake ni ndani ya jamaa.

5. KILA NENO LINA SABABU YAKE

Usiku ule shemeji alitusikiliza tulipohesabu mikosi yetu, akacheka kwa huzuni. “Mbona hamkuniuliza?” akasema. Kisha akatueleza neno moja moja. Mengine tulijifunza baadaye.

Maji kukauka: Mto Zambezi unaanza pembe ya kaskazini-magharibi ya Zambia, karibu sana na mpaka wetu wa Kongo, unapita Angola, unarudi Zambia na kutambaa katika bonde pana la Barotse kabla ya kufika maporomoko. Mvua zinanyesha kuanzia mwezi wa 11, lakini maji yanachukua muda mrefu kushuka, hata maporomoko yanajaa sana karibu na mwezi wa 4. Mwezi wa 10 na wa 11 ndiyo miezi ya maji kidogo kabisa. Wakati huo upande wa Zambia huweza kukauka, na maji yaliyobaki huanguka zaidi upande wa Zimbabwe. Tena mwaka ule wa 2024 ulikuwa wa ukame mkali, hata serikali ya Zambia iliutangaza kuwa msiba wa taifa mwezi wa pili. Sisi tulikwenda kuona moshi katika mwezi usio na moshi.

Umeme kukatwa: Zambia inategemea sana nguvu za maji, na bwawa la Kariba liko juu ya mto huo huo Zambezi. Ziwa lilishuka sana kwa ukame, na umeme ukapungua nchi nzima.

Banki kufungwa: ilikuwa sikukuu ya taifa, imeandikwa katika kila kalenda ya kule.

Gari barabarani: tulivuka nchi yenye desturi nyingine bila kuwafundisha watoto kutazama kuume kwanza.

Nyani: wageni wengi huwapa chakula, basi wamejifunza kwamba mfuko ni chakula.

Feza: tulibadilisha kwa haraka, na hatukuhesabu mbele ya mtu aliyetupa.

Haya, wapendwa, tafuteni katika orodha hiyo neno moja lililofanywa na mtoto yatima wa miaka 11. Halimo. Kila neno lilikuwa na sababu yake, na nyingi za sababu hizo zilikuwa uvivu wetu wa kuuliza. Sisi tuliacha kutafuta sababu, tukatafuta mtu wa kubebesha. Na anayebebeshwa daima ni yule asiye na mtetezi: yatima, mjane mzee, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto mlemavu, mtoto mwenye akili nyingi. Ndani ya kanisa letu tunaamini maombi, na tunajua kwamba uovu uko. Lakini uovu wa siku ile ulitoka katika kinywa cha shemasi.

Tena tazameni jinsi Mungu anavyotufundisha. Tangu Kasumbalesa tulikuwa tukihangaika kwa lugha, tukiongea kwa mikono, na aliyeweza kuuliza kwa ajili yetu sote tulikuwa naye, tumemfanya mchunga mizigo. Kibemba alichoachiwa na mama yake ndicho kilichomwokoa yeye njiani.

6. SHERIA YA NCHI YETU PIA INASEMA

Wengine hawajui kwamba neno hili si la kanisa peke yake. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto na kumtesa, na inataja wazi kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, kifungu cha 160, inatoa adhabu ya kifungo kwa mtu anayemshitaki mtoto uchawi. Basi mzazi, mchungaji, mwonaji au shemasi anayesema “mtoto huyu ana kitu” anacheza na moto wa Mungu na wa serikali pia. Neno hilo likitoka, majirani wanalichukua, na watoto wengi wanaolala barabarani katika miji yetu walianza safari yao kwa neno kama hilo.

7. MASHAURI KWA JAMAA INAYOSAFIRI

1. Mwulize mwenyeji kabla ya kuchagua siku. Atakujulisha majira, sikukuu na bei.
2. Mtoto unayemlea awe na makaratasi yake kamili, na barua ya ulezi yenye muhuri.
3. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye jina la mwenyeji, mtaa na namba ya simu. Nanyi wazazi mwijue namba hiyo kichwani.
4. Asubuhi tazama nguo za kila mtoto, wote bila kubagua.
5. Badilisha feza mahali panapojulikana, na hesabu hapo hapo.
6. Kama feza hazitoshi wote, wote warudi, au mkubwa abaki nje. Asibaki mtoto peke yake.
7. Mambo yakiharibika, mzazi afunge kinywa kwanza, aombe, kisha aulize sababu.

MWISHO

Siku iliyofuata, asubuhi, tuliwakusanya watoto wote mbele ya shemeji. Tulimwomba msamaha mtoto wa ndugu yetu, tukikanusha neno letu kwa sauti ile ile tuliyolisema nalo, kwani neno lililosemwa mbele ya watu haliponywi kwa siri. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: “Basi, nitarudi nanyi Lubumbashi?” Hapo tulielewa alichokuwa amebeba njia yote ile, akitembea peke yake kando ya pori.

Tuliporudi, ndugu mmoja kanisani alisikia habari akatuuliza kama tumempeleka mtoto kwa waonaji aombewe. Tulimjibu kwamba aliyehitaji kuombewa ni sisi, na tuliombewa.

Shati ile ya bluu mama aliishona begani. Anaivaa bado. Watoto wanasema tukipata nafasi tena twende mwezi wa ine, maji yakiwa mengi, na wamekwisha kupatana kwamba yeye ndiye atakayeuliza bei mlangoni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Katika nyumba yetu, ni nani anayetumwa kwanza na kupewa chakula mwisho? Kwa sababu gani?
2. Mambo yanapoharibika, jina la nani linatajwa upesi?
3. Je, tumewahi kusema neno baya juu ya mtoto mbele ya wengine? Tumelikanusha mbele ya hao hao?
4. Someni tena Luka 2:48. Tofauti iko wapi kati ya kuuliza na kushitaki?

Mungu, baba wa yatima, azilinde jamaa zetu njiani na nyumbani. Amina.